Miche inarefuka kama uzi, nipo flati Kariakoo: ninunue taa gani ya kuoteshea ndani?

mche_wa_dirishani:

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada wenu maana nimeshapoteza paketi mbili za mbegu na ya tatu sitaki ipotee.

Nakaa flati Kariakoo, ghorofa ya tatu, dirisha pekee la maana linatazamana na ukuta wa jengo la jirani, nafasi iliyopo hapo katikati haizidi mita mbili, kwa hiyo jua lenyewe linanifikia kama nusu saa tu mchana halafu basi. Balkoni sina, na juu ya paa mwenye nyumba kafunga kufuli kwa sababu ya matenki ya maji. Nia yangu ni kuotesha nyanya, hoho na saladi humu ndani, zikifika saizi ya kupandikiza navuka nazo kwa pantoni nampelekea mama Kigamboni, yeye kiwanja anacho ila kuotesha kwake kumeshindikana, kuku wanafukua kila kitu. Pia nina vipandikizi vya rozimari na bogenvilia nimepewa kazini, vipo kwenye glasi ya maji sijui nivifanyeje.

Nyanya nilizipanda kwenye trei, siku ya tano zikatokeza nikafurahi sana, siku ya nane kila mche una shina jeupe refu kama uzi wa cherehani na vijani viwili vidogo juu, zote zimelalia upande wa dirisha. Siku ya kumi nikaugusa mmoja kwa kidole ukalala na haukuinuka tena.

Jana nikazunguka madukani kuulizia taa. Muuzaji mmoja kanionyesha taa ya zambarau imeandikwa 1000W, anataka laki na ishirini, anasema bila hiyo miche ya ndani haiwezi kukua. Duka la pili wananiambia chukua balbu yoyote nyeupe, elfu nne. Sasa laki na ishirini na elfu nne wapi na wapi, nimerudi nyumbani mikono mitupu. Nani ameshafanya hii kitu kwa vitendo anisaidie?

---

kitalu_tabata:

Pole dada, hiyo ya mashina kama uzi nimepitia mwaka mzima kabla sijaelewa kosa liko wapi. Mche ukikosa mwanga unatumia akiba yote kukimbilia juu kuutafuta, shina linarefuka badala ya kunenepa. Mbolea haisaidii hapo, maji ndio yanazidi kuharibu.

Mimi nina stoo haina dirisha kabisa, naotesha humo kila mwezi, na taa zangu ni tyubu za LED za kawaida, zile ndefu za futi nne, wati 18, nyeupe. Mbili kwa kila shelfu. Si za zambarau na si za mimea, ni hizi hizi zinazofungwa madukani na madarasani. Kwenye boksi angalia vitu viwili. Lumeni, yaani mwanga wenyewe unaotoka, tyubu nzuri ya wati 18 inatoa kama 1,800. Halafu kelvini, ndio rangi ya mwanga, 6500 ni nyeupe inayoelekea bluu na 3000 ni ya njano njano. Zote zinakuza, ila 6500 ina bluu nyingi zaidi na bluu inauzuia mche usirefuke ovyo, kwa miche midogo mimi nachukua 6500.

Sasa sikiliza hapa ndipo wengi tunapopotea. Taa ikiwa mbali ni kama haipo. Weka trei mezani washa balbu ya dari ya wati 9, wewe unaona chumba kinang'aa na gazeti unasoma, lakini pale kwenye trei ukipima kwa programu ya simu ya kupima mwanga unakuta luksi 100 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali) au hata chini ya hapo. Nje juani saa sita mchana ni kama luksi laki moja. Mche mdogo wa nyanya unataka angalau elfu kumi hivi kwa muda mrefu ndio ukae mfupi na mnene. Jicho letu linajirekebisha linatudanganya, mche haudanganyiki. Hizo programu za simu hazipimi sawasawa sana lakini kwa kulinganisha sehemu hii na ile zinatosha kabisa.

Tyubu zangu mbili nikizishusha sentimita 10 juu ya majani nasoma kama elfu 12, nikizipandisha hadi 30 inabaki elfu tatu na kitu. Taa zile zile, umeme ule ule. Kwa hiyo mimi nimezining'iniza kwa cheni nyembamba na ndoano nilizokunja kwa waya wa hanga ya nguo, kila asubuhi naingia na kiganja, naweka kati ya taa na jani refu kuliko yote, upana wa kiganja ukipita vizuri naacha, jani likinigusa mkono napandisha pete moja ya cheni. LED haichomi majani kwa joto kwa umbali huo. Zile balbu za zamani za waya ndani ndio usithubutu, zinaunguza na bado miche inarefuka.

Masaa: saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, basi. Usiache usiku kucha ukidhani unaisaidia, nyanya hasa ukiziwashia masaa 24 mfululizo majani yanaanza kupata mabaka ya njano.

---

fundi_wa_mbezi:

Niongezee kwenye hiyo taa ya 1000W maana umeme ndio kazi yangu na hizi taa naletewa sana.

Dada, taa ya laki na ishirini inayokula wati 1000 kweli kweli ingekuwa na joto la jiko la umeme, usingeweza kuishika. Nyingi ya hizo zilizoandikwa hivyo ukizipima zinakula wati mia au pungufu. Wanajumlisha uwezo wa kila chipu, yaani kila kitaa kidogo cha LED kilicho ndani, ikisukumwa hadi mwisho wake, kitu ambacho taa haifanyi hata siku moja. Kama una mashaka na taa yoyote pima mwenyewe kwa mita ya luku: zima kila kitu ndani, friji pia, washa hiyo taa peke yake halafu kaangalie kile kitaa chekundu cha mita kinachopepesa. Pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh, au namba nyingine inategemea mita, maana yake kitapepesa mara 1000 kwa uniti moja. Taa ya wati 1000 ingepepesa kila baada ya sekunde tatu na nusu hivi. Ukikaa nusu dakika na zaidi ndio kimepepesa mara moja, ujue hiyo ni wati mia. Nilishamfanyia mteja wangu mmoja hivyo mbele ya muuzaji, akarudishiwa hela yake.

Rangi ya zambarau nayo, ni kweli jani linatumia sana nyekundu na bluu, hilo hawajadanganya. Lakini taa nyeupe ya LED ndani yake ni chipu ya bluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa njano, kijani na nyekundu, kwa hiyo rangi zote zimo. Na hata kijani mmea unaitumia, si kweli kwamba unaitupa yote.

Gharama: tyubu mbili za wati 18 ni 36, mara masaa 16 ni kama uniti 0.58 kwa siku, kwa mwezi uniti 17. Kwangu uniti inaniangukia kama 356 pamoja na kodi, kwa hiyo ni elfu sita na kidogo. Ila kama wewe ni wa matumizi madogo, wale wa 122 kwa uniti ambao hawavuki 75 kwa mwezi, hesabu vizuri kabla, hizo 17 zinaweza kukuvusha halafu kila kitu ndani, hadi feni na friji, unakilipia kwa bei ya juu. Hapo punguza, weka tyubu moja na trei moja.

Jambo la mwisho na naomba lisichukuliwe poa, maji na umeme viko sehemu moja hapo. Ekstensheni isikae sakafuni chini ya trei, ifunge ukutani juu. Waya unaokwenda kwenye soketi uache ulegee ushuke chini kidogo kabla haujapanda kuingia kwenye soketi, maji yakitiririka juu ya waya yanadondokea pale kwenye kona ya chini hayafiki kwenye soketi. Na kabla ya kumwagilia zima kwanza.

---

goba_juu:

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo wakuu. Dar tuna jua karibu masaa 12 kila siku mwaka mzima, la bure, hizi habari za taa ni za wenzetu wa Ulaya ambao nje kuna barafu mwezi wa pili. Badala ya kununua taa mwombe mwenye nyumba akuruhusu kipande tu cha paa, weka neti ya kivuli ya asilimia 50, ile inayozuia nusu ya jua, miche itakuwa migumu kuliko ya taa yoyote. Mimi huku Goba kitalu changu chote ni neti na miti minne, na siku mbili tatu za mwanzo za mche chini ya neti huoni hata mmoja umerefuka.

---

kitalu_tabata:

@goba_juu ni kweli mkuu, mwenye hata upenu wa nje asinunue taa, na mimi nisingekuwa na stoo tu nisingehangaika. Hata luksi zangu elfu 12 si kitu mbele ya jua la saa mbili asubuhi. Lakini soma swali lake, paa limefungwa na dirisha linaangalia ukuta. Na masika ikipiga ile ya mwezi wa nne, trei zilizo nje bila paa mbegu zinaelea, mimi nilipoteza hoho zote namna hiyo ndio nikahamia stoo.

---

mama_asumini:

Mwanangu naona wote wanakujibu kuhusu mbegu, vipandikizi vyako vimesahaulika na ndivyo vitakavyokufa kwanza ukiviweka sentimita 10 chini ya hizo taa mbili.

Kipandikizi hakina mizizi. Jani likipigwa mwanga mkali linatoa maji, na huku chini hakuna kinachorudisha, kwa hiyo kinanyauka hata kama udongo umelowa chepe. Mimi nauza miche ya maua miaka mingi sasa na vipandikizi vyangu vyote vinakaa kivulini hadi vitoe mizizi. Mwanga vinahitaji, giza haviwezi, lakini robo au theluthi ya ule wa miche ya nyanya vinatosha. Kwa hizo taa unazoambiwa, viweke pembeni kabisa mwisho wa shelfu, au shelfu ya chini ambapo mwanga unafika kwa kusambaa.

Toa kwenye glasi ya maji. Bogenvilia kata urefu wa penseli, kwenye tawi lililoanza kukomaa siyo lile laini la kijani, kata chini tu ya kifundo, pale jani linapotokea, maana mizizi inapenda kutokea hapo, vua majani yote ya chini acha mawili matatu juu, na yakiwa makubwa yakate nusu. Rozimari chukua ncha laini ya urefu wa kidole, kwangua majani ya nusu ya chini. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au pumba za mpunga zilizochomwa, udongo mtupu wa mfinyanzi unaozesha. Halafu funika. Zamani tulifunikia mifuko ya nailoni, tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 mimi nakata kitako cha chupa kubwa la maji la lita sita, navalisha juu ya chungu cha kipandikizi, kizibo nakiacha wazi mchana nakifunga usiku. Ndani ukiona matone madogo madogo ukutani mwa chupa, unyevu uko sawa. Ukiona maji yanatiririka, fungua kidogo.

Usivivute vute kuangalia kama vimeota. Rozimari ngoja mwezi mzima hata wiki sita, bogenvilia wakati mwingine inatoa majani mapya ukafurahi kumbe ni akiba ya kwenye tawi, mizizi bado. Ukiona mzizi unachungulia kwenye tundu la chini la chungu ndio uisogeze kwenye mwanga mkali, taratibu.

---

mche_wa_dirishani:

Shikamoo mama, asante sana, vipandikizi nimeshavitoa kwenye maji usiku huu huu na chupa nimepata kwa jirani. Na asanteni kaka zangu wote, nimeelewa kuliko nilivyotegemea.

@goba_juu nimejaribu kumwomba mwenye nyumba kuhusu paa amekataa, sina namna.

Maswali yangu mawili. Umeme ukikatika katikati itakuwaje, maana kuna siku unakatika hata masaa manne. Na saladi nimepanda mara mbili haijatokeza hata moja, mbegu ni mpya, chumba ni cha moto usiku na mchana, nimezifukia vizuri tu kama sentimita moja na nusu.

---

kitalu_tabata:

Umeme usikutie presha. Masaa manne mche haudhuriki, ukirudi endelea, na kama ulikatika mchana ongeza masaa mawili usiku ule. Kinachoua ni wiki nzima ya mwanga hafifu. Ukiweza tafuta taima ya kuchomeka kwenye soketi, ila zile za kuzungusha kwa kidole umeme ukikatika na zenyewe zinasimama, kwa hiyo unarekebisha saa kila mara.

Saladi umekosea sehemu mbili. Kwanza mbegu ya saladi inapenda kuuona mwanga ili iote, sentimita moja na nusu ni kaburi, tawanya juu ya udongo uliolowa gandamiza kidogo kwa kiganja na nyunyizia unga mwembamba tu wa kokopiti. Pili joto, ikizidi nyuzi 28 au 30 saladi inagoma kuota, inalala hata ukiibembeleza, na chumba cha Kariakoo mwezi wa pili usiku wa manane bado ni 28. Mimi nazilaza kwenye tishu iliyolowa ndani ya kikopo kwenye friji, chini kule kwa mboga, siku mbili, halafu ndio nazipanda jioni na trei naiweka sakafuni kwenye vigae hadi zitokeze. Hoho ni kinyume chake, yenyewe joto hilo inalipenda na haihitaji mwanga hadi itokeze.

Na taa iwe imewashwa siku ile ile unapoona shingo ya kwanza inachomoza. Usisubiri zote zitokeze. Siku mbili za kusubiri zinatosha kukupa tena ule uzi wa cherehani.

---

mche_wa_dirishani:

Wakuu narudi na mrejesho, leo ni wiki ya nne.

Nilinunua tyubu mbili 6500 na vishikizi vyake, pamoja na waya na taima haijafika elfu 40. Fundi wa hapa mtaani kanifungia kwenye shelfu ya vyombo, chini nimebandika karatasi nyeupe na pembeni foili ya jikoni, nimepima kwa simu pembeni mwa trei mwanga umeongezeka kidogo.

Nyanya zina majani manne halisi, siyo yale mawili ya kwanza ya mbegu, shina ni nene kama kijiti cha kiberiti na kwa chini limeingia rangi ya zambarau na vinyweleo, nikipitisha mkono juu yake asubuhi zinatoa harufu ile ya nyanya mkono mzima. Zimesimama wima, hakuna hata moja iliyolalia dirisha. Hoho zimechelewa, zina majani mawili tu lakini fupi na kijani kweli. Saladi ile ya friji imeota karibu yote.

Kona moja ya trei ya nyanya nilipoteza miche sita, shina limeminyika pale pale usawa wa udongo likawa kahawia na kuanguka, nahisi ni kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha shina la miche. Nilikuwa namwagilia kwa juu jioni. Sasa naweka maji kwenye sinia chini trei inyonye yenyewe nusu saa namwaga yanayobaki, na feni ndogo inapuliza kwa mbali mchana, haijaongezeka tena.

Rozimari tatu kati ya tano bado ni za kijani, sijazivuta mama. Bogenvilia moja imetoa majani.

Nataka kuvuka nazo Kigamboni Jumamosi nikazipande moja kwa moja kwa mama. Ni sawa?

---

mama_asumini:

Marahaba mwanangu, hongera sana. Jumamosi hii hapana. Hiyo miche haijawahi kuliona jua hata siku moja, ukiipanda saa nne asubuhi kwenye mchanga wa Kigamboni jioni majani yatakuwa meupe kama yamemwagiwa maji ya moto.

Ipeleke Jumamosi kwa mama lakini ikae chini ya mwembe kwenye meza ndefu ambayo kuku hawafiki, siku mbili kivuli kitupu. Siku ya tatu jua la asubuhi hadi saa mbili, kesho yake hadi saa tatu, hivyo hivyo kwa wiki moja, maji apunguze kidogo lakini isinyauke. Siku ya kupanda iwe jioni baada ya saa kumi na moja. Nyanya azizamishe hadi karibu na majani ya chini, shina lote lililofukiwa litatoa mizizi. Saladi na hoho zikae usawa ule ule zilipokuwa kwenye trei.

Na kwenye pantoni usizishike mkononi pale mbele, upepo wa bahari ule. Ziweke kwenye boksi la katoni refu kuliko miche, juu acha wazi.

---

mche_wa_dirishani:

Sawa mama, boksi ninalo lile lile la tyubu za taa nitalikata. Nimempigia mama sasa hivi kumwambia aandae meza chini ya mwembe, anauliza ni miche mingapi nimemwambia arobaini na moja, anasema nimletee na ya pilipili kichaa. Trei ya pili naipanda kesho.